UZI: Oxford walikataa pesa za Wafic Saïd, kisha wakazichukua. Nini kiliwabadilisha?

#1 Mtoro wa Langoni
Asalaam aleikum wana ukumbi.

Juzi barazani hapa Lamu kulizuka ubishi mpaka muuza kahawa akakaa chini kusikiliza. Kuna bwana wa huku kwetu, amefanikiwa ughaibuni, ataka kujengea chuo kimoja madarasa ya masomo ya biashara. Sharti lake ni jina lake likae juu ya mlango. Wazee wakagawanyika. Mmoja akasema hata Oxford kuna jina la Mwarabu wa Sham juu ya shule ya biashara. Wa pili akamrukia: huyo walimkataa, pesa zake zilikuwa za silaha!

Nikaenda kusoma. Shule yaitwa Saïd Business School. Mwenye jina ni Wafic Saïd, kazaliwa Damascus 1939. Mwaka 1996 aliahidi pauni milioni 20, na Novemba mwaka huohuo wahadhiri wakapiga kura: 259 wakakataa, 214 wakakubali. Leo jengo liko na jina liko.

Dai langu: walikataa pesa za silaha, halafu njaa ikawashinda. Mwenye hoja nyingine alete.

#2 Nahodha_Faza
Muuza kahawa akaacha kuuza? Basi jambo zito. Nimekaa mbele kabisa.

#3 Bint_Mkomani
Mtoro, hiyo kura umeisoma nusu. Wahadhiri hawakuulizwa "tuzichukue pesa au tuziache". Waliulizwa juu ya kiwanja. Chuo kilitaka kujenga shule kwenye uwanja wa michezo wa Mansfield Road, na uwanja huo ulikuwa na ahadi ya zamani kwamba hautajengwa. Wengi waliosimama kupinga siku ile walishika hapo: tumeahidi, hatuwezi kugeuka kwa sababu tajiri amebisha hodi.

Kilichofuata chaonyesha hivyo. Chuo hakikutafuta mfadhili mwingine, kilitafuta kiwanja kingine. Wakaenda karibu na stesheni ya treni, Park End Street, na safari hii wahadhiri wakakubali. Pesa zilezile, mtu yuleyule. Jengo likafunguliwa 2001.

#4 Mtoro wa Langoni
@Bint_Mkomani kiwanja ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi. Mtu akikataa kukuoza binti yake hukwambia "bado anasoma". Sababu yenyewe hubaki moyoni.

#5 Nahodha_Faza
Hapo Mtoro asema kwa uchungu. Tumuache apumue.

#6 Hisabati
Tuweke mambo ya silaha sawasawa kabla uzi haujaharibika. Al-Yamamah ni mkataba wa Uingereza na Saudi Arabia ulioanza 1985: ndege za Tornado na Hawk, muuzaji British Aerospace, na malipo makubwa yakaja kwa mafuta. Saïd alitajwa kuwa mmoja wa waliosaidia kuukutanisha upande huu na ule. Mwenyewe amekana siku zote kwamba ni muuza silaha. Uchunguzi wa rushwa kuhusu mkataba ule ulifanyika Uingereza, ukasimamishwa Desemba 2006 wakati wa serikali ya Tony Blair kwa hoja ya usalama wa taifa. Kwa hiyo hakuna mahakama ya Uingereza iliyowahi kutoa hukumu juu ya madai yenyewe ya rushwa.

Mtu akiandika hapa "pesa za silaha", aandike "zinazodaiwa". Sitaki ukumbi ufungwe.

#7 Ustadh_wa_Shela
Mwenyezi Mungu ni mwema na hakubali ila kilicho chema. Hadithi hii yajulikana hata na watoto wa chuoni. Lakini ndugu zangu, kazi ya kuchunguza pesa ni ya mtoaji kabla ya kutoa. Mpokeaji akisikia uvumi tu, hana amri ya kumvua mtu nguo sokoni. Wangapi wamejenga misikiti mwambao huu na hatukuwauliza risiti?

Na jambo la sharti. Katika wakfu, sharti la mwenye kutoa lina nguvu karibu na andiko la sheria. Akisema nyumba hii ni ya wanafunzi, ni ya wanafunzi. Kwa hiyo huyo bwana wa Mtoro akisema "jina langu mlangoni", mkipokea mmejifunga. Kama hamtaki, semeni kabla ya tofali la kwanza.

#8 Wa_Malindi
Hamjambo Waamu. Naona mnazunguka. Sababu iko wazi kabisa: dharau. Oxford ilikuwa ikifundisha tangu karne ya 11, na muda wote huo somo la biashara kwao lilikuwa kama kazi ya jikoni. Wamarekani walianza zamani. Wharton ya Philadelphia ni ya 1881. Harvard 1908. Oxford darasa lake la kwanza la MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ni 1996! Hao wazee wa Kilatini waliona duka linaletwa msikitini. Silaha na uwanja ni visingizio.

#9 Bint_Mkomani
@Wa_Malindi hapo umekata kipande kikubwa. Oxford walikuwa na Oxford Centre for Management Studies tangu 1965, wakifundisha mameneja. Baadaye ikawa Templeton College kwa fedha za John Templeton, yule mwekezaji. Na Templeton alitoa kwa heshima ya wazazi wake. Hakuna aliyepiga kelele.

#10 Wa_Malindi
Sasa dada umenisaidia. Templeton, mzaliwa wa Marekani wa mfuko wa uwekezaji: hakuna kelele. Saïd wa Damascus: kura na magazeti. Hesabu mwenyewe.

#11 Mtoro wa Langoni
@Wa_Malindi leo nakupa mkono ingawa u mtu wa mji wa Waitaliano na pizza. Tena ongeza Cambridge. Paul Judge alitoa pauni milioni 8, wakapata Judge Institute ambayo leo ni shule yao ya biashara, na Malkia akaja kuifungua 1995. Mwaka mmoja tu kabla ya zogo la Oxford! Mwingereza akitoa ni mfadhili, Mwarabu akitoa tunaulizana katoa wapi.

#12 Bint_Mkomani
Cambridge waliingiza shule ndani ya jengo la hospitali ya zamani ya Addenbrooke's lililokuwa limeachwa. Hawakugusa uwanja wa mtu. Na Judge biashara yake ilikuwa vyakula na vinywaji, si ndege za vita. Sisemi ubaguzi haukuwepo. Nilisoma Uingereza, najua mtu anavyokutazama akisikia jina lako. Nasema hauelezi kila kitu, kwa sababu jina lilelile lilipita walipobadilisha kiwanja.

#13 Hisabati
Mmesahau jambo ambalo mhasibu hulitazama kwanza, yaani nani anashika usukani. Mpango wa mwanzo ulikuwa na taasisi ya wadhamini iliyo nje ya chuo yenye usemi mkubwa, hata kuhusu nani awe mkuu wa shule. Wahadhiri wengi hawakujali Saudi wala uwanja. Walijali kwamba mtu wa nje atakuwa na mkono ndani ya chuo chao. Masharti yalipolainishwa, upinzani ukalainika.

Halafu chuo nacho kilitakiwa kutafuta pauni milioni 20 nyingine kufikia zile za Saïd. Sasa fikiria wewe ni mhadhiri wa historia, darasa lako lavuja, unasikia chuo kinatafuta milioni 20 za watu wa biashara.

#14 Nahodha_Faza
Darasa linavuja Oxford? Hisabati umelitoa wapi hilo.

#15 Hisabati
Mfano, nahodha. Mfano.

#16 Mwalimu_Mstaafu
Wanangu, nimewasoma tangu yana. Mnakwenda Oxford kwa ndia ndefu na mfano uko Mombasa.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mnachokiona leo kilianza kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa. Wanafunzi waliingia 1951. Waliotoa ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na serikali ya kikoloni. Jengo lina kuba, mtu akipita hudhani msikiti. Wakubwa wote hao walitoa, na kilichokaa mlangoni ni jina la jamii iliyokusudiwa kusoma.

Na hata hilo halikudumu. Ikawa taasisi ya ufundi, 1972 ikawa politekniki, 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu. Leo kijana anasoma shahada ya biashara mle ndani na hajui Sultani alitoa hata senti moya. Sasa huyo bwana wenu anayetaka jina, mumwambie ukweli: mlango ni wa mbao na serikali ni ya kubadilika.

#17 Kijana_wa_Mokowe
Shikamoo mwalimu. Mimi nilisoma hapo na kwa kweli sikujua. Tulikuwa tukiiita "Poly" tu.

#18 Ustadh_wa_Shela
Mwalimu amenena. Na hapa nyumbani, Habib Swaleh alikuja kutoka Ngazija, akafundisha watu ambao wengine hawakuwataka darasani, na msikiti na chuo vikaitwa Riyadha. Watu husafiri kutoka kila pembe kuja Maulidi. Hakuandika jina, na jina lake liko vinywani.

#19 Wa_Malindi
Ustadh, kwa heshima, Habib Swaleh ni mtu wa elimu, si tajiri wa kiwanda. Tajiri hana cha kukumbukwa nacho ila pesa. Mwacheni aandike.

#20 Nahodha_Faza
Tajiri wa kiwanda? Subirini niwape Wharton, maana Wa_Malindi kaitaja akakimbia.

Joseph Wharton alikuwa Quaker wa Philadelphia, watu wa dini, hawavai mapambo. Utajiri wake ulitoka kwenye madini ya nikeli na chuma. Alikuwa na mgodi wa nikeli Pennsylvania na kiwanda Camden, New Jersey, na serikali ya Marekani ilipoanza kupiga sarafu ya senti tano ya nikeli 1866, nikeli ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa akisukuma sarafu ziwe za nikeli! Halafu akawa na hisa kubwa Bethlehem, kiwanda cha chuma. Mwaka 1881 akatoa dola 100,000 kuanzisha shule, akataka wafundishe kwamba ushuru wa forodha wa kulinda viwanda vya nyumbani ni mzuri. Viwanda vya nani? Vyake.

Saïd hata hakuomba somo.

#21 Bint_Mkomani
Hahaha nahodha, hii ndiyo post bora ya uzi. Na mchezo wenyewe haukwenda alivyotaka, kwa sababu walimu wa baadaye wa Wharton walikuwa na mawazo yao. Scott Nearing alifukuzwa pale 1915 kwa maneno yake dhidi ya ajira ya watoto na mengine yaliyowaudhi wakubwa. Wharton alikuwa amekufa 1909 lakini wenye viwanda wenzake walikuwa hai.

#22 Mtoro wa Langoni
Kwa hiyo kila pesa ina kamba. Hata ya Quaker.

#23 Hisabati
Zina kamba za urefu tofauti. Harvard, 1924: askofu alikwenda kumwomba George F. Baker, mwenye benki wa New York, dola milioni 1 za kujengea shule ya biashara. Akajibu kwamba milioni 1 haimvutii, lakini akiruhusiwa kujenga yote peke yake atatoa milioni 5. Akatoa. Maktaba yaitwa Baker, shule yenyewe ilibaki Harvard.

Chicago, David Booth alitoa dola milioni 300 mwaka 2008, shule nzima ikaitwa Booth. Na kuna ya Wisconsin, ambayo huwa nawaambia wateja wangu na hawaamini. Mwaka 2007 wahitimu wa shule ya biashara walichanga dola milioni 85 ili shule ISIPEWE jina la mtu kwa miaka 20. Wamelipa mlango ubaki mtupu.

#24 Nahodha_Faza
Milioni 85 za kutoandika kitu. Mimi nitakubali kutoandika jina la yeyote kwenye dau langu kwa milioni 1 tu. Za Kenya.

#25 Kijana_wa_Mokowe
Dau lako lenyewe rangi imetoka, jina lingekaa wapi.

#26 Wa_Malindi
Turudi Kenya basi. Nairobi kuna Chandaria School of Business pale chuo kikuu cha USIU. Manu Chandaria, kazaliwa Nairobi 1929, familia ya Kijaini kutoka Gujarat. Hakuna kura, hakuna zogo. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua pesa zimetoka wapi: mabati na sufuria. Nyumba ngapi Lamu zimeezekwa mabati yao, nyumba ngapi zimepika pilau kwenye sufuria za Kaluworks. Ukiona jina lake mlangoni unajua umechangia mwenyewe.

#27 Mwalimu_Mstaafu
Hilo la sufuria ni kweli tupu. Sufuria ya marehemu mamangu imeshinda waume wawili.

#28 Mtoro wa Langoni
Mwalimu!!!

#29 Bint_Mkomani
Nilitaka kuongeza jambo kuhusu Saïd ambalo halijagusiwa. Babake, Dr Rida Saïd, alikuwa daktari wa macho, na ndiye rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Syria kilichoundwa 1923, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Damascus. Kwa hiyo huyu ni mtoto wa mwanzilishi wa chuo kikuu, akakua, akatajirika nje kwa kazi ambazo babake hakuzifanya. Pia alimpoteza mtoto wake mdogo, Karim, aliyezama 1981. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi kwa jina la mtoto na la babake, inayosomesha vijana wa Syria, Jordan, Lebanon na Palestina.

Ukiniuliza mimi, Oxford kwake ilikuwa ni kumjibu babake. Watu husema "anajisafisha". Yawezekana. Lakini mtu anayetaka kujisafisha tu angenunua klabu ya mpira.

#30 Hisabati
Hiyo ni saikolojia, Bint. Siwezi kuiweka kwenye daftari.

#31 Bint_Mkomani
Na "wahadhiri waliogopa usukani" nayo uliihesabu kwenye daftari gani?

#32 Nahodha_Faza
Kahawa nyingine hapa.

#33 Kijana_wa_Mokowe
Swali la mjinga. Huko karibu na stesheni walipokwenda kujenga hakukuwa na zogo lolote?

#34 Wa_Malindi
Lilikuwepo! Pale palikuwa na stesheni ya zamani ya Rewley Road, ya 1851, imejengwa kwa chuma kwa mtindo wa jumba lile la vioo la maonyesho ya London mwaka huohuo. Treni za abiria zilikoma 1951. Wapenzi wa majengo ya kale wakalalamika. Mwisho wakalifungua kipande kwa kipande wakalihamishia kwenye makumbusho ya reli Quainton, Buckinghamshire. Liko huko hadi leo.

Nyinyi Waamu mngekubali jumba la kale la mtaa wa Mkomani lifunguliwe lihamishiwe Hindi, kule bara ng'ambo, ili lijengwe darasa la biashara?

#35 Mtoro wa Langoni
Mji wetu wa Lamu uliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 2001, mwaka uleule Saïd alipofungua jengo lake. Hapa hata kubadilisha dirisha ni kazi. Huyo bwana wetu akitaka mlango, auchonge wa mbao wa Kiamu, na jina aliandike kwa nyuma.

#36 Ustadh_wa_Shela
Kwa ndani, Mtoro. Kwa nyuma wataona walio nje.

#37 Hisabati
Kabla sijaenda ofisini, hili lawahusu wote wanaosema wahadhiri wa Oxford walikuwa na msimamo. Januari 1985 walikataa kumpa Margaret Thatcher digrii ya heshima, kura 738 kwa 319, kwa hasira za kupunguziwa fedha za elimu. Waziri mkuu aliye madarakani, tena aliyesoma palepale! Sasa nenda shule ya Saïd leo. Saïd alitoa fedha nyingine za upanuzi, na jengo jipya likaitwa kwa jina la Thatcher. Waliyemnyima karatasi wana jengo zima lake. Na Al-Yamamah ilitiwa saini chini ya serikali ya nani?

#38 Mtoro wa Langoni
Wallahi hapo umenipa ushindi. Njaa iliwashinda, nilisema #1.

#39 Bint_Mkomani
Hajakupa ushindi. Kati ya 1985 na jengo la Thatcher karibu kizazi kizima cha wahadhiri kimestaafu. Si watu walewale waliobadilika, ni watu wengine.

#40 Wa_Malindi
Au ni walewale, wamezoea. Mara ya kwanza jina la mtu mlangoni linakera, mara ya tatu hulioni.

#41 Kijana_wa_Mokowe
Mimi naona mmeacha la huyo bwana wetu. Mimi ndiye ningesoma kwenye hayo madarasa. Jina sijali. Ninachojali: akishajenga, nani atamlipa mwalimu? Tuna majengo huku yamefungwa kwa kufuli, yana jina la kila mkubwa aliyekata utepe.

#42 Hisabati
Swali hilo ndilo la wadhamini na zile milioni 20 za pili. Mpelekeeni mambo haya: atoe fedha za ujenzi, na nyingine ziwekwe mfuko wa kudumu, faida yake ilipe walimu. Vyuo vya Marekani huishi hivyo. Asiye na uwezo wa mfuko apewe chumba kimoja, si jengo.

#43 Ustadh_wa_Shela
Huo mfuko ndio wakfu, kijana. Shamba la nazi likatazwe kuuzwa, nazi zake ziwalishe wanafunzi. Tulikuwa nao kabla ya Marekani haijazaliwa.

#44 Hisabati
Ustadh, na mashamba hayo yako wapi leo?

#45 Ustadh_wa_Shela
Fungua uzi mwingine kwa hilo. Huu hautatosha.

#46 Nahodha_Faza
Mtoro, yule mzee wa pili aliyesema walikataa kwa sababu ya silaha, umempelekea majibu?

#47 Mtoro wa Langoni
Nimempelekea la kiwanja. Kasema Bint_Mkomani kalipwa na Oxford.

#48 Bint_Mkomani
Mwambie bado nasubiri hiyo hundi.